Maji ya Kumwagia Vumbi

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Newala, na kila shughuli ikitokea shuleni, kazi ya kuandaa ukumbi huangukia kwangu. Silalamiki. Ukweli ni kwamba naipenda, na mwenzangu akithubutu kupanga viti, namwachia amalize, akitoka navipanga upya. Kitambaa cha meza kuu kikilegea upande mmoja siwezi tena kumsikiliza anayezungumza. Nimehudhuria mahafali mengi nikitazama kitambaa.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mkuu wa shule aliniita ofisini kwake akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Alisema tumepata mgeni wa kuzungumza na wasichana wa kidato cha nne siku ya mahafali yao. Ni mwanafunzi wetu wa zamani, sasa ni daktari wa watoto nje ya nchi, yuko Dar es Salaam kwa likizo na amekubali kuja. Nilijua ni nani kabla hajalitaja jina. Alikuwa mdogo wangu, tuliyetoka naye tumbo moja, na alikuwa hajakanyaga Newala tangu kabla baba hajafa.

Sababu yake naisema wazi, maana pale nyumbani hatukuwahi kuisema. Baba alipofariki, mdogo wangu alikuwa huko masomoni, na wiki ile ile alikuwa na mtihani wa mwisho. Akachagua mtihani. Mama alipopewa simu, mbele ya waombolezaji wote waliokaa mkekani, alimwambia, "Basi baki na mtihani wako. Kwangu usikanyage." Kisha akanirudishia simu yangu na kuendelea kulia. Miaka tisa ikapita hivyo, mimi nikiwa katikati nikipeleka salamu ambazo hakuna aliyenituma.

Kwetu, upande wa mama, aliyekosa maziko ya mzazi ana njia yake ya kurudi. Haingii ndani. Anasimama nje ya mlango, mwenye nyumba anamletea maji na kumnawisha uso na miguu, na hapo ndipo analia msiba wake na kukaribishwa. Maji yenyewe lazima yawe ya nyumba ile, yaliyotoka kwenye paa la marehemu. Maji ya kununua hayafai, na ya kuazima hayafai pia. Nimeyajua haya tangu nikiwa mtoto, na mdogo wangu pia anayajua.

Sasa wasiojua mji wetu niwaeleze kitu kimoja. Newala iko juu, ukingoni kabisa, ukisimama nyuma ya ofisi za shule unaona bonde la Ruvuma lote chini, na maji yote yako huko chini. Sisi huku juu tunavuna mvua. Baba alichimba kisima uani, akakisakafia kwa saruji, akaelekeza mabati ya nyumba yamwagie humo, na juu akaweka mfuniko wenye kufuli. Mama alizaliwa Lisekese, huko Masasi, ambako msichana alikwenda kuteka maji na kurudi akiimba. Alipoolewa huku akageuka kuwa mlinzi wa maji mkali kuliko wenyeji. Ufunguo wa kisima ulining'inia kwenye msumari nyuma ya picha ya baba, na ole wake aliyeugusa bila ruhusa.

Nilipomwambia mama kwamba mwanawe anakuja, aliuliza siku tu. Nikamtajia. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchicha. Nilikasirika. Nilitaka alie, au agombe, au afanye chochote ninachoweza kukipeleka upande wa pili. Lakini kuanzia siku ile aliacha kuchota kisimani. Akawa ananunua maji kwa vijana wanaoyauza kwa pikipiki, ya kupikia, ya kunawia na hata ya kuku. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajitesa wakati kisimani bado yamebaki. Akajibu, "Hayo yana mwenyewe."

Nikacheka. Nilidhani ni ubahili wake wa kila kiangazi. Desturi niliijua, na nilijua anayekuja ni nani na lini, lakini sikuyaunganisha. Kichwa changu kilijaa viti.

Ukumbi wetu ni lile bwalo la kulia chakula, na sakafu yake imechimbika hivi kwamba katikati ni udongo mtupu. Mwezi wa kumi, watu wanapookota korosho na upepo unapopanda kutoka bondeni, vumbi jekundu linaingia kwa kila dirisha. Nilikwishaazima viti kanisani na msikitini, nikaomba kwa wazazi vitambaa vyeupe na vya buluu, nikapata spika mbili zinazokoroma kidogo. Kilichobaki kilikuwa vumbi. Nilikuwa nimemwona mdogo wangu kwenye picha, amevaa nguo za rangi nyepesi, ameng'ara. Sikutaka aingie bwaloni, amkute dada yake amesimama kwenye vumbi lile lile alilomwacha nalo. Nalikiri hilo, ingawa linaniaibisha. Nilitaka aone kwamba na mimi ni mtu.

Boza la maji liliahidiwa Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mahafali. Saa sita halijaja. Saa nane dereva akapiga simu kwamba ameharibikiwa njiani, atafika Jumamosi alfajiri. Wasichana wa kidato cha tatu walikuwa wamesimama na mifagio na ndoo tupu, wakinitazama. Nyumba ya mama iko nyuma tu ya uwanja wa shule, na Ijumaa mchana mama huwa kanisani na wanawake wenzake wakisafisha. Majirani wote walikuwa mashambani kwenye mikorosho. Niliingia sebuleni, nikasogeza picha ya baba, nikachukua ufunguo.

Nilijiambia ndoo nne. Tukanyunyiza, udongo ukanywa kama haujapata kitu, tukanyunyiza tena. Kisha nikaona madirisha yana alama za vidole, meza kuu ina matone ya uji wa tangu sijui lini, na jukwaa nalo halitazamiki. Ndoo ya kumi na mbili ilipanda na tope. Nikafunga kufuli, nikarudisha ufunguo, na nikajipangia vizuri kabisa kwamba boza likija alfajiri nitaleta madumu nijaze pale chini kabla mama hajafungua. Mimi ni mtu wa mipango.

Boza lilikuja. Likajaza mapipa ya jikoni likaondoka, na wakati huo mimi nilikuwa juu ya kiti nikigombana na spika. Nilisahau. Sina neno jingine la kulisema.

Mdogo wangu alifika saa nne. Alikuwa amelala Masasi, kwenye nyumba ya wageni pale Mkomaindo, akapandishwa asubuhi na gari la ofisi ya elimu pamoja na maofisa wawili waliotakiwa kurudi nalo Masasi mchana. Alishuka, akanitazama, akasema, "Shikamoo, dada," akanikimbilia kabla sijaitikia marahaba. Tulikumbatiana mbele ya wageni wote, mimi nikiwa na gundi ya karatasi mikononi. Tulipoingia bwaloni alisimama mlangoni, akatazama chini. Udongo ulikuwa umetulia, mweusi kidogo, unanuka mvua.

"Dada, mwezi huu maji ya kumwagia chini mmeyapata wapi?"

"Mipango," nikasema, nikacheka.

Alizungumza vizuri, watu wanasema. Niliona wasichana wakifuta machozi. Mimi nilikuwa nikihesabu soda za meza kuu na kumfanyia ishara fundi mitambo, kwa hiyo maneno yenyewe sikuyasikia. Alipomaliza alikataa chakula. Aliniegemea sikioni akasema, "Nipeleke kwa mama. Hilo ndilo lililonileta. Nipeleke kabla sijaogopa."

Maofisa wakasema basi watampitisha kwa gari, dakika chache, kisha safari. Tukaenda wote, na mkuu wa shule nyuma yetu, na watu wa mahafali wakafuata kidogo kidogo kama watu wanavyofuata. Mama alikuwa amekaa kibarazani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Pembeni yake palikuwa na beseni jipya, kipande cha sabuni ambacho hakijaguswa, na taulo iliyokunjwa. Nilipoliona lile beseni, ndipo kila kitu kilijiunga kichwani mwangu.

Mdogo wangu aliliona pia. Alivua viatu. Akasimama nje ya mlango, mikono mbele, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," mama akasema. "Simama hapo hapo."

Akachukua ufunguo na ndoo akazunguka uani. Nikamfuata. Nilitaka kumwahi nimwambie, lakini nikabaki hatua mbili nyuma yake. Alifungua kufuli, akashusha ndoo, nikaisikia ikigonga chini kavu. Akaipandisha, akaitazama, akaishusha tena upande mwingine. Akafanya hivyo mara tatu. Kisha akanigeukia, na sijawahi kuuona uso wa mama ukiwa umeshindwa namna ile.

"Yamekwenda wapi?"

"Labda kisima kimepasuka, Mama."

Niliyasema mimi, kwa kinywa changu. Nilikuwa na nafasi ya kusema nimeyachukua mimi, na ingekuwa aibu ya dakika moja, mama angenitukana, mdogo wangu angecheka na kulia, tungekwangua hata lile tope tukampaka miguuni. Lakini mkuu wa shule alikuwa upande wa pili wa ukuta, na maofisa, na watu. Nikasema kimepasuka. Nikaongeza, "Nikalete ya shuleni? Yapo mapipa manne."

"Ya boza nimnawishie nini?" mama akasema. "Ni maji ya baba yake, yale?"

Akarudi mbele na ndoo tupu mkononi. Mama si mtu wa maneno, na siku ile maneno yalikuwa yamemkauka kabisa. Alisimama kibarazani, akamtazama mwanawe aliyesimama peku juani, akasema, "Maji hakuna."

Basi. Mdogo wangu alitazama ndoo, akatazama beseni, akanitazama mimi. Nikatazama chini. Alingoja, naapa alingoja, mpaka dereva akapiga honi kidogo kwa adabu. Kisha akainama akavaa viatu vyake polepole, akasema, "Nimesikia, Mama," akarudi garini. Mama aliinua mkono uliokuwa na ndoo, kama anayetaka kumwita, ukabaki hapo hewani. Gari lilishaondoka.

Nilimpigia kesho yake asubuhi. Alikuwa ameshafika Dar es Salaam. Sauti yake ilikuwa ya kistaarabu, ile anayozungumza nayo na wazazi wa wagonjwa, nafikiri.

"Usijisumbue, dada. Nilimkosea, na amenijibu."

"Hakukujibu vile. Maji kweli hayakuwepo."

Akasema, "Ukumbini ya kumwagia vumbi yalikuwepo. Ya kuninawisha mimi ndiyo hayakuwepo. Naelewa." Akaniaga kwa upole. Tangu hapo anaitikia salamu zangu za sikukuu kwa neno moja. Ujumbe wa kumwambia ukweli nimeuandika mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara naufuta, kwa sababu ukishafika kwake utafika kwa mama.

Mama hakulia. Alilirudisha beseni dukani. Mwezi wa kumi na moja, mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya bonde, alimwita fundi aje kuziba ufa kabla mvua haijaanza. Alisema hataki mara nyingine mwanawe aje akute hakuna. Alisema "mara nyingine" kwa sauti ya kawaida, na mimi nilikuwa nimekaa naye kibarazani tukibangua korosho.

Fundi alishuka kwa ngazi na tochi. Alikaa humo muda mrefu, akigonga kuta, nami nikisikia kila pigo. Alipopanda alikuwa amejaa tope kavu magotini.

"Mama, kisima hiki ni kizima. Sijaona ufa hata wa kupita sisimizi. Mzee aliyekijenga alijua kazi."

Mama akamshukuru, akamfungia korosho kidogo kwenye karatasi, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alikaa pale pale, akachukua korosho nyingine, akaibangua, akaitoa maganda mpaka ikabaki nyeupe. Hakunitazama.

"Siku ile ya mahafali," akasema, "ukumbini kwenu kulikuwa na vumbi?"

"Halikuwepo, Mama."

Akaitia ile korosho kwenye ungo. "Vizuri," akasema, na akachukua nyingine.