Fizi za Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Fundi Meno, ingawa hakuwahi kung'oa hata jino moja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ya bandia. Alishinda chumba cha nyuma ya kliniki, kati ya mataya ya plasta yaliyopangwa rafuni kama watu wanaosubiri ruhusa ya kucheka, akichanganya plastiki ya waridi na dawa yake yenye harufu ya kupasua kichwa. Kwa kazi hiyo alijenga, akaoa, na juu ya mke akaongezewa mama mkwe.

Bibi huyo alikuja kutembea, akasahau kurudi. Alilala na meno yake mdomoni, hakuyaosha, na akifungua kinywa mezani hata nzi aliomba radhi akaondoka. Lakini harufu ilikuwa nafuu. Maneno ndiyo yaliyokuwa kazi.

"Mwanangu angeolewa na daktari," alisema kila wakikaa kula, "akaokota mfinyanzi. Mkwe, nisogezee chumvi, kama hilo nalo halikushindi."

"Sawa, mama," alijibu Fundi Meno. Alikuwa na heshima ya kutosha kumuua mtu.

Siku moja daktari wa kliniki, kijana ambaye hata ndevu zake zilionekana za kuazima, alimletea kopo la unga wa fedha. Ni fedha ile ile ya pete, ila imesagwa mpaka chembe zake jicho haliwezi kuziona. Ukiutia ndani ya plastiki, vidudu vya kinywani vinakufa.

"Kidogo sana, Fundi," daktari alionya. "Ikizidi, fedha haijui kidudu ni kipi na seli ya mtu ni ipi. Inaua tu. Na kipimo salama kwa fizi bado tunakitafuta, kwa hiyo usimvishe mtu mpaka nikwambie."

Fundi akamvisha mama mkwe. Mwanzoni kwa wema: ncha ya kijiko tu katika seti mpya. Harufu ikaisha kabisa. Bibi naye, kuona watu hawamgeuzii tena uso, akaanza kumsogelea mkwe wake na kumtukana kwa karibu.

Basi Fundi akatengeneza seti ya pili. Safari hii alimimina fedha kama anatia chumvi kwenye sufuria ya jeshi. Plastiki ikawa rangi ya jivu. Upande wa nje akaufunika kwa tabaka la waridi. Wa ndani, unaolalia fizi, akauacha hivyo hivyo. Nani angeutazama?

Wiki haikuisha, nyumba ikanyamaza. Kila neno lilimtoa bibi machozi, kwa hiyo akabaki na yale ya lazima. Fundi alikula, akaongeza, akagundua kwamba saa ya ukutani kumbe ina mlio.

Jioni moja bibi alimfuata sebuleni akamshika mkono.

"Mwanangu." Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Kunaungua humu. Nitazame."

Tochi ya kazi ilikuwa mfukoni. Hakuitoa.

"Ni mapya, mama, utayazoea. Ukiyavua sasa fizi zitasinyaa, hayatakaa tena."

Bibi akaamini. Akalala nayo, kama kawaida yake.

Mkewe Fundi ndiye aliyeyavua, siku mama yake alipokataa hata maji. Ngozi ya fizi ilibanduka nayo, nyeupe kama utando wa maziwa. Kule kliniki daktari aliyageuza yale meno, akaliona jivu, akatazamana na Fundi. Kopo lilitoka kwake yeye daktari, na hakupaswa kulitoa. Akamgeukia binti wa mgonjwa.

"Mama ana mzio," akasema. "Hutokea."

Fizi zilipona kwa makovu, hazivumilii tena plastiki yoyote. Sasa bibi analishwa vya kupondwa. Matusi yamerudi yote, ila bila meno, yanatoka kama uji unaochemka, na kuandika hajui. Hakuna anayemwelewa, isipokuwa mmoja: mtu aliyemaliza ujana wake wote akisikiliza vibogoyo.

Jana mezani bibi alimkazia macho mkwe wake, akasema jambo refu. Alisema: ni wewe, ulijua, nilikuomba unitazame ukakataa.

Mkewe akaweka kijiko chini. "Mume wangu, anasemaje?"

Fundi Meno akafuta midomo. "Anasema chakula kitamu. Anakushukuru."

Bibi akarudia, kwa kelele, akipiga meza.

"Sana," Fundi akaongeza.