Mlio Ambao Mama Aliudhani Dhikri

Mdogo wangu marehemu alikuwa na gemu moja aliyoicheza tangu tukiwa shule ya msingi, na kila toleo jipya lilipotoka aliliandama. Ni gemu ya maiti wanaoamka wameoza, wakaingia majumbani kuwatafuna watu. Alijifunzia katika kibanda cha gemu pale Msambweni, kibanda kilichonuka soksi, majani ya muguka yaliyotafunwa yakatemwa, na mkojo wa paka.

Katika kila toleo kuna chumba kimoja ambamo maiti hawaingii. Mchezaji akifika humo anahifadhi mchezo wake, na muziki unabadilika: sauti za watu zinaguna chini chini, bila maneno, zinazunguka palepale. Mdogo wangu aliupenda muziki huo hata akautia kwenye simu uwe kengele yake. Mimi ulinichefua. Nilipousikia niliiona ile minofu iliyooza ikisubiri nje ya mlango.

Figo zilipomlaza, kengele ile ilimkumbusha dawa za saa kumi alasiri. Kisha akafa. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Mkono wangu ndio ulioliminya tumbo lake taratibu, kama ilivyo ada, na kilichotoka nilikifuta mimi. Sitaeleza zaidi.

Siku ya tatu, saa kumi, simu yake ikalia ndani. Mama masikio yake yamefifia. Akainua kichwa.

"Mashallah," akasema. "Kumbe mwanangu alikuwa akisikiliza dhikri."

Tangu mazikoni hakuwa ametia kitu kinywani. Siku hiyo aliomba uji. Nikamkorogea.

Ikawa ndiyo kawaida. Saa kumi ikikaribia huketi mkekani na tasbihi yake, na mlio ukianza hutikisa kichwa, macho kayafumba. Baadaye hula. Mimi nilikuwa nikitoka, nikasimama nyuma ya choo, nikatema mate. Nilimwosha ndugu yangu kwa mikono hii, halafu mama anamwombea rehema kwa muziki wa mizoga!

Asubuhi ya arubaini, shangazi yetu alifika kutoka Kinango. Mama alikwisha kumsimulia habari za simu.

"Wee, hebu iunge hiyo simu na spika," aliniambia uani, mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele. "Kabla ya hitima watu wasikie. Wajue mtoto wetu alikuwa mtu wa dini."

"Shangazi, ile si dhikri."

"Si dhikri ni nini, taarabu?"

Wanawake wakacheka.

"Ni muziki wa gemu."

"Ya mpira?"

"Ya maiti wanaokula watu."

Mikono ikasimama juu ya nyungo. Mama alikuwa amekaa mlangoni. "Anasema nini huyo?" akauliza. "Sema, mwanangu, sisikii."

Ikanibidi niseme tena, kwa sauti kubwa, kama mtu anayenadi mbuzi sokoni. Nilisema gemu, nilisema maiti, nilisema wameoza. Jirani aliyekuwa akipita nje alisimama kusikiliza.

Mama alinigeukia.

"Siku zote hizi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Ukaniacha natikisa kichwa."

"Naam."

"Basi ungeniacha hivyohivyo. Hukuweza?"

"Sikuweza."

"Astaghfirullahi," shangazi akanong'ona, sijui kwa ajili ya nani kati yetu.

Mama akaitoa simu kwenye mkunjo wa leso yake, akaninyooshea. "Ufute huo mlio. Hapa hapa, nikuone."

Niliwaambia watu baadaye kwamba nilisema kwa ajili ya dini, ili hitima ya marehemu isichafuliwe. Si kweli. Nilitaka ule mlio ufe, nao ulikuwa ndio kitu pekee kilichomfanya mama ale. Nilijua yote mawili nilipokuwa nikifungua kinywa.

Niliutafuta, nikaubonyeza, simu ikauliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Ulipotoweka nilihisi furaha, furaha safi kabisa, na uso wangu ukaionyesha kabla sijawahi kuuzuia. Mama aliiona.

Hitima ilisomwa vizuri. Pilau ilipopakuliwa mama aliisukuma sahani yake upande wangu.

"Kula wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyeshiba raha leo."