Mashine Isiyolia

Mtaa mzima ulimwita Mzee Modemu, naye, Mungu ambariki, alidhani ni heshima.

Zamani, intaneti ilipokuwa bado mgeni wa kupokewa kwa mikono miwili, alikuwa na duka lenye kompyuta moja na modemu moja, kimashine cha kuleta intaneti kupitia waya wa simu. Modemu ilipoanza kukoroma na kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, wateja wote walinyamaza. Yeye alivua kofia. Kelele zikikatika alitangaza, "Imeshika!" na watu wakapumua kama walioponea ajali. Na ole wake atakayegusa mkonga wa simu! Waya ulikuwa mmoja: intaneti ikiwa ndani, simu haipiti.

Duka lilikufa siku nyingi, ila yeye hakupewa taarifa ya msiba. Modemu aliihamishia sebuleni, juu ya kabati, akaifunika kitambaa cheupe alichofuma mkewe. Kochi lilibaki uchi, modemu ikavaa.

Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kusifu kitu cha kisasa bila kupita kwenye mizani yake. Fundi cherehani wa jirani alijisahau siku moja, akasema simu yake mpya inafungua picha upesi.

"Upesi gani? Megabiti ngapi?"

"Sijui, Mzee. Labda ishirini."

"Gawanya kwa kilobiti hamsini na sita za modemu yangu. Hizo ni modemu mia tatu na hamsini na kitu. Jeshi lote hilo, bwana, ili uangalie picha ya mbuzi!"

Tangu siku hiyo fundi hakusifu hata mvua mbele yake.

Sasa, Mungu naye ana utani wake. Binti yao wa pekee akaolewa na nani? Fundi wa kuvuta faiba, waya wa intaneti ya kisasa. Wakahamia mbali, na mimba ya kwanza ikawa nzito, binti akaambiwa na daktari alale tu. Mama yake miguu ilikuwa imevimba, safari haiwezi. Kwa hiyo mkwe, kijana wa watu, akaja mwenyewe kuvuta waya na kugongomea ruta, kisanduku cha kugawa intaneti, ukutani. Akaacha na tableti, ili wazee wamwone mjukuu saa ile ile atakapozaliwa.

"Hii ni megabiti mia, Baba," alisema kwa adabu, jasho likimtiririka.

"Modemu elfu moja na mia saba na ushee," Mzee alijibu bila hata kukohoa. "Zikilia zote kwa pamoja, nani atalala humu?"

"Hazilii, Baba."

"Sasa kitu kisicholia utajuaje kama kimeshika?"

"Unaangalia taa ya kijani."

"Taa! Hata friji ina taa."

Siku ilipofika, mkwe aliwaarifu asubuhi kwamba binti ameingia chumba cha kujifungulia. Mtoto akitoka tu, atawapigia kwa video. Mama aliketi na tableti mapajani, midomo ikisali. Mzee alijifanya hana habari. Alifuta modemu vumbi. Akaifuta tena. Mtu mwenye hofu hufanya lile analolijua. Alinyata hadi ukutani akaichomoa ruta, ili simu ya mwanawe ipate njia ya kupita.

Wakakaa. Tableti kimya.

"Mbona hawapigi?" Mama aliuliza, na sauti ilishaanza kulowa. "Ee Mungu, mwanangu."

Mara simu ndogo ya Mzee ikalia mfukoni. Uso ukamng'aa. "Umeona? Nimekata intaneti, simu imepita!"

"Baba!" Mkwe alikuwa akihema. "Nahangaika kupiga video, hampatikani. Mtoto ni mdogo sana, wanampeleka chumba cha joto. Nesi amekubali kutusubiri kidogo, mama yake anataka mmwone kwanza. Ruta imeharibika?"

"Nimeizima mimi. Simu yenu ingepita wapi?"

"Ee Baba," mkwe alisema, akaishia hapo. Mkwe mwenye adabu akiishia njiani hivyo, jua anamwomba Mungu amzuie ulimi.

"Umefanya nini, mwanaume wewe?" Mama aliinuka na miguu yake iliyovimba. "Chomeka! Chomeka kabla sijakuchomeka wewe!"

Akachomeka. Taa ikawaka nyekundu. Ikapepesa. Modemu elfu na mia zake zote, na hakuna hata moja iliyopiga mluzi wa kumpa moyo. Mzee alivua kofia.

"Lia basi," aliibembeleza. "Lia, mama, nikusikie."

Taa ikageuka kijani, tableti ikaita. Uso wa binti ukajaa kioo, umechoka, umelowa.

"Baba yupo?"

"Nipo, mwanangu."

Binti akasogeza kifurushi cha nguo karibu. Ndani mlikuwa na uso mdogo wa kike, macho yamefumbwa, umetulia mno. Mzee hakuupenda ule utulivu. Halafu mdomo ukafunguka, na kikatoka kilio chembamba, cha kukwaruza, kikipanda na kushuka.

Mzee alisimama wima, kofia kifuani.

"Imeshika," alitangaza.

Mama alijifuta machozi. "Haya, mtaalamu. Hiyo ni modemu ngapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu amwoe, Mzee hakugawanya kitu; alisogeza sikio karibu na kioo. Mama alinyanyua mkono, akavuta kile kitambaa cheupe kabatini, akakikung'uta vumbi. Kilikuwa kinamtosha mtoto mdogo kabisa. Modemu ikabaki uchi, na wala haikulia.