Jiwe la Ogola wa Kondele

Kazi ya Lorine ilikuwa kuwatisha watu asiowajua. Kila asubuhi aliamka katika chumba alichopanga nyuma ya nyumba ya bwana mmoja huko Milimani, akachemsha chai, akafungua kompyuta, akaanza kujenga. Alijenga nyumba zilizohamwa, ngazi zinazoshuka gizani, milango inayofunguka yenyewe pole pole. Vitu hivyo vilisafiri kwa intaneti hadi mji wa Brno, kwa Wacheki, kwenye studio ya gemu iitwayo Tři Svíčky, yaani Mishumaa Mitatu. Huko viliunganishwa na kuwa gemu, na watu wa Japani na Brazili wakapiga mayowe kwa sababu ya ngazi zake. Yeye mwenyewe alizijenga huku anakula mandazi.

Kwa hiyo msinicheke nikiwaambia kwamba siku aliyotajiwa kaburi, mwanamke huyo alitetemeka mpaka chai ikamwagika mezani.

Aliyemtajia alikuwa Radim, mkubwa wa studio, mtu wa makamo mwenye ndevu za mvi na sauti ya upole. Walikuwa wakizungumza kwa video, kama kawaida yao ya Jumatatu.

"Gemu inatoka mwezi ujao," Radim akasema. "Umefanya kazi nasi mwanzo mpaka mwisho, Lorine. Sasa ni zamu yako. Tuandike jina gani kwenye jiwe lako?"

Lorine alijua jiwe gani. Habari hiyo aliijua tangu akiwa na sare ya shule.

Zamani, Radim na wenzake wawili walipokuwa vijana wasio na mbele wala nyuma, walitengeneza gemu yao ya kwanza chini ya nyumba ya bibi yake Radim, katika chumba kilichochimbwa ardhini cha kuhifadhia viazi na mitungi ya kabichi. Umeme wa kule chini ulitosha kompyuta peke yake. Ukiwasha na taa, kila kitu kinazimika na bibi anagomba. Basi wakafanya kazi kwa mishumaa, kila mtu na wake, na jina la studio likatoka hapo. Gemu ilipokwisha, kampuni iliyoinunua ilifuta majina yao yote, ikaweka ya kwake. Lakini vijana wale walikuwa wameshanusa ujanja huo mapema. Ndani ya gemu, nyuma ya kanisa, walikuwa wameweka makaburi, na juu ya mawe ya makaburi wakachonga majina yao, mahali ambapo tajiri hakufikiria kutazama. Tangu hapo ikawa mila. Studio ilinunuliwa na wakubwa, ikatelekezwa, wafanyakazi wakafukuzwa, Radim akalikomboa jina na kurudi kule kwenye viazi kuanza upya. Katika misukosuko yote hiyo, hakuna gemu iliyotoka bila makaburi, na hakuna jiwe lililowekwa kisha likaondolewa. Kwao ni heshima kubwa, mtu hulia kwa furaha siku anayopewa.

Kwao. Lakini kwetu sisi, jameni, nani anaandika jina la mtu anayepumua juu ya kaburi? Huko Usenge, kando ya ziwa, alikozaliwa Lorine, kaburi likichimbwa kwa makosa halifukiwi hivi hivi. Linalazwa mgomba ndani kwanza, lisije likadai mtu. Msichana alikuwa amesoma, amevaa miwani, anaongea Kiingereza na wazungu kila wiki, lakini woga ule ulikuwa umemkaa mifupani.

"Nipe dakika," alimwambia Radim. Akazima kamera.

Na hapo ndipo alipomkumbuka Ogola.

Ogola alikuwa kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka michache, na ndiye aliyemfundisha kila kitu. Alikuwa na kibanda cha gemu mtaani Kondele, televisheni mbili na CD za kuchomwa. Gemu za Mishumaa Mitatu ndizo alizozipenda kupita zote. Kabla hajapigana na zimwi lolote, alikimbilia kwanza makaburini kusoma majina, akiyavunjavunja vibaya. "Radim! Zdenka! Hawa ndio wenyewe, Lorine. Siku moja na mimi nitakuwa hapa." Jina lake aliliandika kila mahali, ukutani, kwenye orodha ya washindi, hata kwenye ndoo ya maji: Ogola wa Kondele.

Halafu ikaja ile ajali. Miaka sita ilikuwa imepita. Ogola na marafiki zake wawili, Mathews na Wabwire, walitoka Usenge kwa boti ya injini kwenda harusini kisiwani, na Ogola ndiye aliyeshika injini. Upepo ukageuka. Mwili wa Mathews ukapatikana, wa Wabwire ukapatikana. Ogola hakupatikana.

Baba yao mdogo, Ooko, alitaka mambo yamalizwe kama yanavyomalizwa. Mtu akipotea majini na mwili usionekane, hukatwa tunda la yago, lile refu la mvungunya, likavikwa sanda, likalazwa kaburini mahali pake. Watu wakalia, wakanyoa nywele, basi. Lakini mama yao, Mama Seline, aligoma.

"Leteni mwanangu nitalia," alisema. "Tunda sililii."

Alijua alichokuwa akikataa. Yago likishafukiwa, mwenyewe amekufa. Hata akitokea kesho kwa miguu yake, langoni hapiti, na watu watamkimbia kama mzuka. Kwa hiyo Mama Seline alipigana na ukoo mzima. Simba ya Ogola, ile nyumba ndogo ya kijana karibu na lango, aliifagia kila Jumamosi. Laini yake mwenyewe ya simu hakuibadilisha, mwanawe asije akapiga akaikosa, ingawa simu zenyewe zilimfia mbili.

Haya yote Lorine aliyajua. Aliyajua, akawasha kamera, na mdomo wake ukasema, "Andika Ogola wa Kondele. Ni kaka yangu. Ndiye aliyenifundisha."

Radim alifurahi, akasema ni jambo zuri sana kumkumbuka kaka. Lorine akajiambia kwamba ndicho Ogola alichokitaka maisha yake yote. Ukweli ni kwamba aliogopa kulala yeye, akamlaza mwingine. Alilichonga jiwe mwenyewe kwa siku kadhaa, akaweka na kiboti kidogo juu.

Gemu ikatoka. Wiki haikuisha, mama akapiga simu.

"Nyathina, mwanangu, nimemwota Ogola. Amesimama nje ya lango. Ananiuliza mbona nimefunga."

Lorine aliweka simu chini, akafunga mlango wake kwa komeo mchana kweupe, akakaa kitandani. Ikiwa kaka yake alikuwa hai mahali fulani, je, lile jiwe limemfanya nini? Alijaribu kujicheka, picha tu za kompyuta! Kicheko hakikuja. Alianza kuziogopa hata ngazi zake mwenyewe. Siku ya tatu alishindwa, akaenda Usenge.

Alimkuta mama ufuoni akigeuza omena, zile dagaa za ziwani, juu ya nyavu. Akamweleza yote, studio, makaburi, jiwe, jina. Mama Seline alisikiliza ameshika fagio. Halafu akaketi chini pale pale, juu ya omena, yeye ambaye hata kuku hakumruhusu kuzikanyaga.

"Miaka sita nimezuia mikono ya wanaume," alisema. "Kumbe kaburi linachimbwa na wewe."

"Si kaburi la kweli, Mama."

"Jina lake lipo juu?"

"Lipo."

"Watu wanaliona?"

"Wanaliona."

"Yawa, Lorine. Umemzika mwanangu, hata kulia hukuniita nilie."

Lorine alilia yeye. Mama hakumbembeleza. Tangu siku hiyo Lorine alikwenda Usenge kila mwisho wa wiki, na wote wawili wakawa watu wa kushtuka. Pikipiki ikisimama langoni, wanashtuka. Ooko akikohoa nje, wanashtuka. Kila mmoja alingoja kuambiwa kwamba mwili umeonekana mahali, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake.

Jumamosi moja asubuhi, mama akiwa anafagia simba, simu ililia ndani ya kitambaa chake cha kiunoni. Namba ndefu, ya nje. Akaipokea, akasikiliza kidogo, na fagio likamdondoka. Alimnyooshea Lorine ile simu.

"Hallo?"

"Lorine," sauti ikasema. "Ni wewe?"

Lorine angeijua sauti ile popote.

"Ogola? Uko wapi? Uko hai?"

"Niko Durban. Bandarini. Maji yalinitupa upande wa Uganda. Nikasikia wale wengine wamekufa. Mimi ndiye nilishika injini, Lorine. Ningemwangalia mama Mathews na macho gani? Nikaendelea kwenda tu."

"Rudi nyumbani! Mama yuko hapa, amekungoja..."

"Desemba hii nilikuwa nakuja. Liwe liwalo, nilisema. Tiketi nilishakata." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Juzi nikanunua gemu mpya. Nikaenda makaburini kwanza, unajua tabia yangu."

Lorine akakaa kizingitini mwa simba.

"Jiwe limetengenezwa vizuri. Nimejua mkono wako. Kumbe mlishanizika, na mko sawa, hata mimi ningefanya hivyo. Mwambie mama asiogope. Sitakanyaga lango lake."

"Hatujakuzika! Ogola, sikiza, yago halijakatwa, ni mimi tu, ni mimi mjinga..."

Mama Seline alikuwa tayari amemnyang'anya simu na anapiga kelele ndani yake, lakini ilikuwa imekatika. Walipiga tena na tena. Namba ilikuwa imezimwa, na imezimwa mpaka leo.

Jumatatu Lorine alimwomba Radim aondoe jiwe. Alimweleza bila kuficha kitu, hata woga wake. Radim alishika ndevu zake. Tangu zile siku za viazi hakuna jiwe lililowahi kung'olewa.

"Nitaling'oa mwenyewe," alisema mwishowe. "Na pale pabaki nini?"

Lorine alijenga simba. Mama alikaa ubavuni mwake akimwongoza, mlango uelekee lango, kigoda kiwe hapa, taa ya chemni pale. Mlango usifungwe, akasisitiza. Kisha akaishika simu ya bintiye karibu na mdomo, na Lorine akamrekodi. Ukifika kwenye ile nyumba sasa, ukisimama kizingitini, unasikia sauti ya mwanamke mzee ikiita kutoka ndani: "Ogola, duog dala. Rudi nyumbani, hatujakuzika."

Radim alipiga simu baada ya wiki mbili, anaona haya kulisema. Wachezaji walikuwa wakiandika kutoka kila pembe ya dunia kuhusu ile sauti. Hawajui inasema nini. Wanasema hawajawahi kusikia kitu cha kutisha kama kile, kwamba wakiisikia wanageuka na kukimbia.

Mama Seline humuuliza Lorine kila Jumamosi, akiwa na fagio mkononi.

"Wanasikia?"

"Wanasikia, Mama."

"Wote?"

"Wote."

"Na kuna hata mmoja ambaye hakukimbia?"

Lorine hutazama simu iliyo katikati yao juu ya kigoda.