Miwani ya Babu Isiyo na Vioo

Enzi zetu Kamembe, ndugu zangu mliokua nami upande huu wa mto Rusizi, heshima ya mwanamume ilianzia puani. Viatu viliweza kuwa na kiraka na koti liliweza kuwa la mtumba, lakini mwenye miwani ya kizamani, ile nzito ya wakati wa Wabelgiji, alipishwa njia hata na wenye baiskeli za mizigo. Sisi watoto tulijitengenezea yetu kwa maganda ya mabua ya mtama. Tulikunja maganda yakawa duara mbili, tukachomeka vijiti vya kwenda masikioni, kisha tukatembea barabarani mikono nyuma, tukikohoa kama wazee wa kanisa, midomo bado ina mafuta ya sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu waliokaangwa na mama zetu.

Nyumbani kwetu ilikuwako miwani ya kweli. Ilikuwa ya Babu, baba yake Papa, aliyekuwa karani Bukavu, ng'ambo kule Kongo, kabla ya uhuru. Sehemu ya juu ilikuwa nyeusi na nene kama nyusi za mtu aliyekasirika. Chini, uzi mwembamba wa rangi ya dhahabu ulizunguka mahali pa vioo, na kwenye bawaba palikuwa na visumari vidogo kuliko kichwa cha siafu. Ukutani tulikuwa na picha ya Babu ameivaa: tai nyembamba, suruali pana yenye marinda kiunoni, nywele zimegawanywa kwa mstari ulionyooka. Picha ile niliisoma kuliko kitabu chochote cha shule. Mapenzi yangu ya fremu za zamani yalianzia hapo.

Lakini jambo moja majirani hawakulijua: miwani ile haikuwa na vioo. Tuliporudi Rwanda baada ya mambo ya tisini na nne, tulivuka daraja la Rusizi ya Pili juu ya lori, na kwenye kona moja masufuria ya Maman yakaliangukia koti la Papa, lenye miwani mfukoni. Fremu ilipona, vioo vikawa unga. Papa hakusikitika sana. Macho yake yalikuwa mazima, na vioo vya Babu vilikuwa vikimfanya akanyage hewa kwenye ngazi. "Mungu amechukua vioo, heshima ametuachia," alisema. Tangu siku ile aliivaa hivyo hivyo, kila Jumapili na kila kikao. Hata leso ya kufutia alikuwa nayo. Alijua kuwageuzia watu mgongo kwanza, ndipo afute hewa polepole kama mtu mwenye shughuli.

Kisha Tantine Beata akapata mchumba. Huyu alikuwa dada mdogo wa Papa, muuza vitenge katika soko la Kamembe, na mchumba wake Fideli alikuwa kijana wa Bukavu mwenye kuvuka mpaka na bidhaa. Bunduki zilipolia ng'ambo, mpaka ulifungwa, na Tantine alikaa mlangoni akitazama upande wa ziwa, sahani ya bugali ikipoa magotini. Mambo yalipotulia, familia ya Fideli ikatuma ujumbe: inakuja kumposa.

Furaha ilichanganyika na hofu. Kabla ya hapo ilikuja familia nyingine, ikatazama viti vyetu vya kuazima, ikaagana vizuri na haikurudi tena. Na hawa wa Fideli walisifika Bukavu kuwa watu wa nyumba kubwa. Asubuhi ya siku yenyewe Tantine alimfuata Papa uani.

"Kaka, leo usiguse uso yako. Tafazali."

"Weye Beata, niko mutoto?"

"Basi usigeuke kusafisha ile lineti ya baba yetu. Bale bantu banaonaka kila kitu."

Papa ndiye aliyetusemea, maana wazee wengine hawakuwapo tena. Wageni walipoketi chini ya turubai, msemaji wao, mjomba wa Fideli, akasimama, na mimi, niliyejificha na Tantine nyuma ya pazia la mlango, nikachungulia zaidi. Alikuwa na fremu ya rangi ya gamba la kobe, kona zake zimepanda juu kama mabawa. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Wazee wawili wakatazamana, miwani kwa miwani.

Ninyi mnaijua desturi yetu: wenye binti lazima wakatae kwanza, tena kwa maneno matamu.

"Mulikosea njia," Papa akasema. "Hapa hakuna binti. Muulize kwa jirani."

"Mzee, sisi hatupotei," mjomba akajibu. "Harufu ya sombe anapikaka njo ilituongoza toka darajani!"

Watu wakacheka, Papa akazidi kunoga. Alikataa mara hii na ile, mjomba akambana kila upande, mpaka ikabidi akubali. Hapo sauti yake ikabadilika. "Huyu mutoto munaomba," alisema, "nilimubeba mugongoni kule Bukavu, mama yetu akiwa shambani." Machozi yakamjia. Akainua kidole, akakipitisha katikati ya fremu, akafuta jicho.

Vichwa vyote chini ya turubai vikamgeukia. Maman akatazama chini. Nyuma ya pazia, kucha za Tantine zilizama begani mwangu. Kidole cha Papa kilibaki palepale, ndani ya miwani, hakijui pa kwenda.

Mjomba akainama mbele, akamtazama vizuri. Kisha, taratibu, naye akainua kidole, akakipitisha kwenye fremu yake ya gamba la kobe, akajikuna kope.

"Mzee mwenzangu," akasema, "vioo yangu ilivunjika siku tulikimbia bomu. Na mimi nimeogopa siku muzima! Basi tupe mutoto. Tunaonana muzuri, hakuna kioo katikati."

Kicheko kilichofuata kiliwaleta hata wapita njia. Tantine alitoka kabla ya kuitwa, jambo lisilofanyika, na hakuna aliyemkaripia. Bia ya ndizi ilipozunguka, wazee wale walibadilishana fremu kwa muda na kupigwa picha, wamekaza shingo kama mawaziri.

Siku hizi vijana wa Kamembe wamejaa fremu kubwa zisizo na vioo, wakijipiga picha kwa simu tangu stendi ya mabasi hadi mpakani. Mwanangu alinihurumia: "Maman, hii ni modi mupya, hauwezi ijua." Nikamfungulia sanduku langu la fremu nilizookota kwenye mitumba ya Kamembe na Bukavu miaka yote hii. Alizipapasa moja moja, kisha akaomba kuazima. Wao wanavaa tupu kwa kujionyesha, na hakuna anayeogopa kidole chake kisije kikapita katikati.

Papa alishafariki, na ile nyeusi ya Babu ni yangu. Macho yangu nayo yamechoka, kwa hiyo nimeitia vioo vya kweli. Baada ya miaka mingi, fremu ile inaona tena. Inanifaa sana, isipokuwa siku Tantine Beata anapovuka kutoka Bukavu na kikapu cha sambaza, tukaanza kuisimulia siku ile. Tunacheka mpaka machozi yanatoka. Nainua kidole nifute kama Papa, nacho kinagonga kioo.