Geti la Kutokea

Stendi ya zamani ya Sumbawanga ilikuwa na mdomo mmoja tu. Gari likiingia lilipita pale, likitoka lilipita pale pale, na yakikutana mawili madereva walitukanana mpaka mmoja arudi nyuma. Wazee wanasema hapo mwanzo palikuwa uwanja wa malori ya mahindi. Abiria wakaanza kudandia malori, vikaja vibanda, yakaja mabasi, ikawa stendi bila mtu kuipanga. Magari ya Namanyere yalikaa ubavuni mwa maduka, ya Mwimbi karibu na mashine ya kusaga, ya Mbeya kando ya lami. Hakukuwa na kibao hata kimoja, na sikuwahi kusikia mtu kapanda gari silo.

Mama yangu alipikia hapo mdomoni, uso kwenye vumbi la wanaoingia. Kaka yangu alipokwenda Mbeya kutafuta kazi, mimi ndiye nikaanza kumsaidia mama. Kaka alipiga simu mwaka wa kwanza, kisha namba ikawa haipatikani. Tangu hapo, kila basi la Mbeya likiingia, mama aliacha mwiko ndani ya sufuria akasimama kuwatazama wanaoshuka, mmoja mmoja, hadi konda afunge mlango. Ugali uliungua mara nyingi. Wateja walinung'unika, nami niliwajibu bila haya: kama hutaki wa kuungua, kale kwenu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wao walijua nini?

Halafu tukaambiwa stendi inahamia nje ya mji. Siku ya kugawiwa vibanda mama aliwahi kabla ukungu haujaondoka, kajifunga kitenge juu ya sweta, akapiga watu vikumbo mpaka akapata kibanda cha pembeni mwa geti linalotazama mjini. "Mabasi yataingilia hapa," akaniambia. "Akija, nitamwona." Hakuna aliyembishia. Tungejuaje? Maisha yetu yote stendi ni mdomo mmoja, na mdomo uko upande wa mji.

Jamani, siku ya kufungua! Tumewasha jiko, maharage yanachemka, tumekaa kama maharusi tunasubiri. Basi la kwanza likatutokea mgongoni! Lilikuwa limeshaingilia upande wa pili wa uwanja, kule mbali, limeshusha watu kule kule, na sasa ndio linakuja kwetu litoke. Mama akamfuata mlinzi.

"Mwanangu, mbona mabasi yanakwenda kinyume?"

"Hapana, mama. Hili ni geti la kutokea tu. La kuingilia ni lile kule."

Uso ukamshuka mama. Mimi nilimlaani aliyechora ile stendi, yeye na kalamu yake, kisha nikazunguka kumbembeleza kila mwenye kibanda upande wa pili tubadilishane. Nani akubali? Jioni tukarudi nyumbani. Mama akivua viatu akauliza, "Sasa akija, nani atamwona?"

Penye geti la kutokea hakuna mtu mwenye muda wa kukaa ale ugali. Tukaacha masufuria, tukaanza kukaanga maandazi na kuchemsha mayai, tukawa tunauza madirishani, pale mabasi yanaposimama kukaguliwa ushuru kabla kizuizi hakijainuliwa. Mama alibeba beseni, mimi chenji.

Ikawa asubuhi moja baada ya mwaka mpya, baridi ya Ufipa ile inayokata masikio. Basi la Mbeya lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mkono wa mtoto ukatoka dirishani kunyooshea andazi kidole, mama akampa. Mtoto akaling'ata hapo hapo. Nilipomtazama nikashtuka, maana lile paji la uso ni la marehemu baba yangu, halina tofauti. Sijasema kitu, baba yake akainama kutoa hela. Mama wee! Ni kaka yangu. Mzima, kanawiri, koti zuri, kwapani kuku aliyefungwa miguu kama mtu anayetoka ukweni.

Kaka noti ilimganda mkononi. Aliyepata sauti ni mama.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

Kizuizi kikainuka. Kaka akavuta pazia la dirisha, basi likaondoka.

Hapo nikapayuka. Nikaita bodaboda ilikimbize basi, nikasema nitamshusha huyo mtu kwa kola mbele ya mwanawe. Konda mmoja wa magari ya Kaengesa akanishika mkono. "Dada, kumbe hujui? Huyu huja kila mwaka kwa wakwe zake Kaengesa. Akitoka Mbeya hushukia njiani, mjini hafiki. Safari hii wakati wa kurudi mabasi yanajaa stendi, njiani hayasimami, ndiyo nikamleta alfajiri hii apandie huku."

Kila mwaka! Yaani mama anaunguza ugali kwa kumtazamia, na yeye yuko Kaengesa anachinjiwa kuku! Kwa nini, mpaka leo sijui, na siku nikimpata atanieleza. Siku ile nilikaa chini kwenye changarawe kama mlevi.

Mama alikuwa bado amesimama na beseni lake, anatazama lami. Nikamwambia, mama, tufunge, twende nyumbani.

"Kila siku nilimwomba Mungu kitu kimoja," akasema. "Nilimwambia, Baba, awe hai tu, mengine usijisumbue."

Akaniwekea beseni mapajani.

"Na kweli, kanipa."