Kuhamisha Mateso ya Yesu

Shule niliiacha kilasi ya nne, na sijawahi kuitafuta tena. Nasema mapema ili msomaji aliyesoma sana asijisumbue kunihurumia. Taa za jukwaa nilijifunza kwa kupigwa na umeme, na umeme ni mwalimu asiyerudia somo.

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa taa katika ukumbi wa kampuni ya shaba pale Shituru. Juu, nyuma ya viti, nilikuwa na kibanda changu na pupitri, ile meza ya vitufe inayoamuru taa zote. Kila Juma Kuu tulicheza Mateso ya Yesu, na meza iliukumbuka mchezo mzima: picha sitini na nne za mwanga, na katika kila picha kiasi cha kila taa, kutoka sifuri hadi kumi. Nikibonyeza mara moja, Yuda anaingia gizani. Nikibonyeza tena, jogoo anawika na Petro anapata aibu yake ya rangi ya manjano.

Halafu nchi ikaanguka. Wakati wa kupora, watu walibeba viti, mapazia, hata mabati ya paa. Pupitri waliiacha. Naona walidhani ni mashine ya kutoza kodi.

Mvua ikawa inanyesha jukwaani. Kamati ya mchezo ikaamua tucheze katika ukumbi wa parokia, ambako mompere, padri wetu, alikuwa amepokea pupitri mpya kutoka Ulaya. Taa zangu zilezile zingebebwa kwa mkokoteni na kutundikwa kule. Ilibaki kuutoa mchezo ndani ya meza ya zamani na kuuingiza ndani ya mpya.

Mkubwa wa kamati ndiye pia aliyegawa nyumba za kampuni. Na alikuwa na mkwe, enjenieri, mwenye diploma isiyokunjwa hata pembe. Mkubwa akaniambia mbele ya watu:

"Papa, nyumba yenye uko ndani ni ya muntu wa mataa. Mwenye ataingiza Mateso mu ile masini ya sasa, huyo njo muntu wa mataa. Mwenye atashindwa, afunge bintu yake."

Nilikuwa na watoto saba na bibi, mke wangu, mwenye ulimi. Kijiji cha kurudi sikuwa nacho.

Mkwe akaanza. Meza ya zamani iliandika mchezo kwenye disketi laini, pana kama sahani. Meza mpya ilikuwa na mdomo mdogo, kama mtu wa maringo. Akapanda lori hadi Lubumbashi kutafuta kompyuta yenye midomo yote miwili. Alirudi siku ya nne, vumbi hadi kwenye kope, na disketi ndogo mfukoni. Akaiingiza. Meza mpya ikafikiri, kisha ikaandika kwa Kifaransa kwamba haiifahamu ile faili.

"Haifahamu kitu gani?" nikamuuliza.

"Papa, kila fabriki yenye kutengeneza masini iko na luga yake. Hazisikilizane."

"Bon. Toka pale. Miye nitazisikilizisha."

Nikaketi mbele ya meza ya zamani, chini ya turubai, nikafungua picha moja moja na kusoma kwa sauti. Bibi akaandika katika daftari la watoto. Taa zangu sikuziita kwa namba bali kwa majina ya miji ya kwetu, maana namba hubadilika waya zikibadilika. Nyekundu ya kushoto ilikuwa Shituru, kwa ajili ya tanuru. Ile ya nyuma kabisa, mbali na kila mtu, Kakanda. Ile laini ya mbele ilikuwa Kapolowe, mji wa misheni, kwa sababu ilifanya hata mwizi aonekane kama mtawa.

"Shituru nane, Kapolowe tisa," nikasema.

"Yesu anapigwa fimbo, weye unamupeleka Kapolowe?"

"Andika, mama. Usimufundishe Yesu njia."

Siku tatu za kusoma, siku mbili za kuingiza. Enjenieri mwenyewe akapitia daftari akitafuta kosa, hakulipata. Nililala kama askofu.

Siku zile hakuna aliyetaka kurudi nyumbani gizani, kwa hiyo mchezo ulikuwa wa saa tisa mchana, madirisha yamezibwa kwa turubai. Asubuhi tukawasha jenereta ya parokia ili tujaribu. Nikabonyeza picha ya kwanza, bustani ya Getsemane usiku.

Mungu wangu! Kama uwanja wa mpira saa sita. Uzi wa ndevu za Yesu ulionekana mpaka sikioni. Petro, chini ya kanzu, alikuwa amevaa ovaroli ya kiwanda, na jina la kampuni mfukoni mwake likasomeka.

"Papa," mompere akaita kutoka chini, "hii ni Getsemane ao soko?"

Mkwe akacheka kwa pua.

Nikatoka nje nikitafuta mtu wa kumtukana, nikaisikia jenereta ikinguruma bila kukohoa. Ndipo nilipoelewa. Kule Shituru umeme ulikuwa umeanza kuugua. Kila mwaka ulishuka, na kila mwaka mimi nilipandisha taa kidogo ili watu waone. Nane yangu haikuwa nane. Nilikuwa nimeuhamisha mchezo pamoja na ugonjwa wake, bila kukosea hata namba moja.

"Tugawanye yote kwa mbili," mkwe akasema.

Tukajaribu. Getsemane ikawa usiku mzuri. Lakini chini ya msalaba mama wa Yesu akapotea kabisa; picha ile niliitengeneza zamani, umeme ukiwa mzima, na sikuigusa tena.

"Maria ameenda wapi?" mompere akauliza.

Hesabu ikaishia pale. Nikampandisha bibi jukwaani, asimame mahali pa kila mchezaji, kiganja karibu na uso, nami nikashusha au kupandisha mpaka kiganja kionekane kiganja.

"Leo nimekuwa Yesu, Pilato na punda," akalalamika. "Chakula atapika nani?"

Watu walipoanza kugonga mlango, nilikuwa nimemaliza picha ya hamsini na nane. Zilibaki za kaburi.

"Papa, umemaliza?" mkubwa akauliza.

"Nimemaliza." Nilidanganya ndani ya parokia, katika Juma Kuu.

Mchezo ukaenda vizuri hadi kaburini. Nikabonyeza. Taa zote kwenye kumi, namba mbichi za Shituru, kwa pamoja. Hata mimi nilifumba macho. Yesu alitoka kaburini amejiziba uso kwa mkono. Askari wa Roma, ambao kila mwaka walianguka kwa uvivu, safari hii waligongana na kuanguka kweli. Vigelegele! Nyuma kule watu walipiga magoti. Mompere akafanya ishara ya msalaba, na yule si mtu wa kushangaa ovyo.

Mkubwa akapanda hadi nilipokuwa na pupitri, akitoka jasho. Mkwe alikuwa amesimama kando yangu na daftari mkononi, limefunguliwa palepale tulipoishia. Alijua kila kitu.

"Enjenieri," mkubwa akamuuliza, "weye unaweza kufanya ufufuko wa vile?"

Mkwe akanitazama, akalifunga daftari.

"Hapana, Papa."

"Basi nyumba ibakie yake," mkubwa akasema, akashuka.

Na mkwe hakudanganya. Yeye angemaliza kazi.